Punda mwoga alinifunza maana ya kuwa tayari

Mimi ni mkaazi wa Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa, na nikiulizwa ni neno gani lililopoteza thamani yake katika mtaa wetu, nitajibu bila kusita kuwa ni hilo hilo "tayari" lililo katika jina lake. Kila siku, mara baada ya swala ya alfajiri, mautingo wa mabasi huanza kunadi safari za bara chini ya dirisha langu. "Gari tayari! Gari tayari! Ni wewe tu!" Msafiri mgeni huamini. Hukimbia na masanduku yake, akalipa nauli, akapanda, na akishaketi ndipo anapogundua kwamba ndani mna abiria wanne tu, dereva angali mkahawani akila mahamri kwa mbaazi, na fundi amelala chini ya gari akigongagonga chuma.

Nimeyazoea hayo na kwa kawaida huwa nayacheka. Lakini kuna siku moja katika muhula wa pili wa mwaka 2024 ambapo sikucheka. Siku hiyo utingo aliyekuwa akinadi "tayari, tayari" nilikuwa mimi mwenyewe, na abiria aliyekuwa akisukumwa garini alikuwa binti yangu.

Alikuwa katika gredi ya nne. Mwalimu wake alikuwa amemteua kughani shairi katika mashindano ya shule, na kwa muda wa wiki mbili nyumba yetu haikuwa na mazungumzo mengine. Akishuka ngazi anaghani, akiosha vyombo anaghani. Kisha, siku tatu kabla ya shindano, aliamka akakataa chai. Tumbo linauma, akasema. Mamake alimtazama, akanitazama na mimi, akasema labda tungezungumza na mwalimu. Mimi nikaruka. "Huyu yuko tayari kabisa! Hofu ni jambo la kawaida."

Jioni hiyo nilimwita sebuleni aghani mbele yangu. Alipofika ubeti wa pili, nilitazama viganja vyangu nikaona vimelowa jasho. Viganja vyangu, si vyake. Ndipo nilipomkumbuka Wasiwasi.

Wasiwasi, msomaji mpenzi, hakuwa mtu. Alikuwa punda.

Likizo ya Lamu

Mama yangu ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni, na ndugu yake mkubwa aliishi huko akifanya kazi ya kubeba mizigo kwa punda. Wanaoijua Lamu hawahitaji kuelezwa. Vichochoro vya mji ule wa kale vilijengwa kwa kipimo cha mtu na mnyama, si cha motokaa, na karibu kila jiwe, kila mfuko wa saruji na kila boriti lililojenga nyumba zake limepita juu ya mgongo wa punda.

Katika likizo ya Aprili mwaka 2005, nikiwa na umri wa miaka 14, mama alinipandisha basi nikaenda kwa mjomba. Tulipita Kilifi, Malindi, Garsen na Witu, tukafika Mokowe vumbi limetugeuza rangi, kisha mashua ikatuvusha. Mwaka huo Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, uliangukia wakati wa likizo, na Lamu nzima ilikuwa ikijiandaa kwa Maulidi. Sherehe hizo, ambazo asili yake ni juhudi za Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, huwavuta wageni kutoka pwani yote na hata ng'ambo. Pamoja na ibada na kasida huwako pia michezo: mashua hushindana, watu hucheza bao na goma, na vijana hushindana kwa punda katika barabara ya ufuoni, mbele ya mji.

Mbio hizo hazina matandiko ya fahari. Kijana hukaa juu ya mgongo mtupu, akashika kamba, na umati husimama pande zote mbili kiasi kwamba njia hubaki nyembamba kama kichochoro. Zawadi si kitu. Kinachotafutwa ni jina. Kijana aliyeshinda hutembea mjini mwaka mzima kama bwana harusi.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa na umri wa miaka 17 na alikuwa na hakika kwamba mwaka huo jina ni lake. Sababu ya hakika hiyo ilikuwa Wasiwasi.

Alikuwa punda mchanga wa kijivu, mwenye ule mstari mweusi unaoshuka mgongoni na mwingine unaokata mabegani. Mjomba alikuwa amemnunua miezi michache kabla yake kutoka kwa mtu wa upande wa bara. Jina alipewa na watoto wa mtaa, kwa kuwa kila kitu kilimshtua: kanga iliyoanikwa ikipigwa na upepo, debe likianguka, mashua ikiwasha mtambo. Siku moja turubai lilipeperuka karibu naye akachomoka kwa shoti hata shogi zikamwanguka, na aliyemfuata alimkuta karibu afike Shela. Binamu yangu alipoisikia habari hiyo hakusema "maskini punda". Alisema, "Hakuna punda Lamu wa kumpata huyu."

Nami nilikubaliana naye. Tulimpelekea mjomba ombi letu. Mjomba alikuwa barazani akinywa kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatujibu kwa maneno ambayo sijayasahau.

"Wanangu, huyu hakimbii. Huyu anakimbizwa. Na anayemkimbiza hamumwoni."

Maumivu kwanza, hofu baadaye

Hata hivyo hakutukatalia. Alitupa wiki tatu. Tumfundishe, kisha yeye ndiye atakayeamua, na uamuzi wake hautapingwa.

Siku ya kwanza tuliharibu. Binamu alimpanda, akamwelekeza barabara ya ufuoni penye watu. Wasiwasi alitembea mpaka pembe ya nyumba ya mwisho, akasimama. Hakuruka, hakupiga teke, hakutikisika. Binamu alimchapa kijiti, nami nikamvuta kwa kamba, lakini ilikuwa kama kuvuta nguzo ya msikiti. Wapita njia wakaanza kutucheka na kumwita punda mkaidi.

Mjomba alipopata habari alituketisha chini kama wanafunzi wa chuoni. Farasi akiogopa, alisema, hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama. Ametoka katika nchi kavu za mawe ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu, kwa hivyo husimama kwanza akafikiri. Watu huona amesimama wakadhani ni ukaidi, kumbe moyo unamtwanga ndani. Nanyi mnamchapa! Basi sasa amejifunza kwamba pale pembeni pana jambo la kutisha, na jambo lenyewe ni nyinyi.

Kabla ya mafunzo mengine yoyote alituamrisha tumpeleke katika kituo cha punda kilicho hapo hapo ufuoni. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1987 na shirika la Uingereza lililoanzishwa na Bi Elisabeth Svendsen, mwanamke aliyejitolea maisha yake kuwahudumia punda, na wenye punda wa Lamu wamekuwa wakitibiwa wanyama wao huko bila malipo. Aliyempima Wasiwasi alimfungua kinywa, akamwangalia meno, akatuonyesha: magego yalikuwa yameota ncha kali zilizokuwa zikimkata shavu kwa ndani. Kila tulipovuta kamba ya kichwani tulikuwa tunalisukuma shavu juu ya ncha hizo. Meno yakapigwa tupa. Tuliambiwa pia tumwache apone kidonda kidogo cha mgongoni kilichosababishwa na shogi.

Hilo ndilo somo la kwanza nililolipata, na hata mwenye farasi wa laki kadhaa pale uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, angelikubali. Mnyama anapobadilika tabia, usianze na tabia yake. Anza na mwili: meno, kwato, mgongo, tumbo. Mengi tunayoyaita woga au ukorofi ni maumivu yasiyo na ulimi.

Mafunzo ya pole pole

Baada ya siku nne mjomba mwenyewe alichukua usukani. Mambo aliyoyafanya yalikuwa madogo mno hata binamu yangu alikuwa akipiga miayo.

Kwanza aliweka saa. Wasiwasi alitolewa wakati ule ule kila asubuhi na kila alasiri, njia ile ile, pumba zile zile mwisho wa safari. Mnyama mwoga, alisema, hutaka dunia anayoweza kuibashiri.

Pili alimpa mwenza. Alikuwako punda jike mzee ambaye amebeba mawe tangu sijazaliwa na ambaye, nadhani, hata nyumba ikianguka karibu naye angeendelea kutafuna. Alitembezwa mbele, Wasiwasi nyuma. Punda hupenda sana mwenziwe. Aliposhtuka, alimtazama yule mama mzee, akaona masikio yake yamelegea, naye akapumua.

Tatu ilikuwa habari ya kelele. Mimi nilipewa debe na tari. Nilisimamishwa mbali, karibu na minazi, nikaambiwa nipige pole pole huku Wasiwasi akila. Akinyanyua kichwa na kuelekeza masikio kwangu, niendelee vivyo hivyo, nisisogee. Akirudisha kichwa kwenye chakula, nisogee hatua tano. Akiacha kula kabisa, nirudi nyuma hatua kumi. Siku ya kwanza nilisogea hatua kumi na tano tu jioni nzima. Mjomba hakuruhusu hata mara moja tufike mahali pa punda kuruka. "Tunaacha kabla hajachoka kuvumilia," alisema, "ili kesho akumbuke amani, asikumbuke vita."

Akatufundisha pia kusoma. Jicho likionyesha weupe, tundu za pua zikitanuka, midomo ikikaza, mkia ukibanwa, kinyesi kikiwa laini na cha mara kwa mara, jasho bila kazi: hizo ni barua anazokuandikia mnyama. Usisimame mbele ya pua yake wala nyuma ya mkia, kwa maana macho yake yaliyo pembeni mwa kichwa huona karibu kila upande isipokuwa sehemu hizo mbili. Simama begani. Na usimchape kwa sababu ya hofu. Adhabu haiondoi hofu, huiongezea ya pili.

Mkono unasomwa

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonitia aibu. Mjomba akishika kamba, Wasiwasi hutembea. Binamu akishika, hutembea kwa shida. Mimi nikishika, basi ni masikio juu, macho weupe, na kusimama kila baada ya hatua tatu. Nilidhani ananichukia. Nilimwambia mjomba hivyo.

"Hakuchukii," alinijibu. "Wewe unaogopa atakuaibisha. Mkono wako umekaza kamba tangu mlangoni. Punda hajui kusoma kitabu, mwanangu, lakini mkono anausoma vizuri sana."

Akaniagiza nitembee bila kumtazama punda, nilegeze kamba, na nipumue kwa kufuata hatua zangu. Nikajaribu. Siku mbili hakukuwa na tofauti. Siku ya tatu nilikuwa nikimfikiria mama na chapati zake, nimemsahau kabisa punda, na nilipogeuka nikakuta tumepita pembe ile ya nyumba ya mwisho, naye ananifuata kichwa chini kama mbuzi wa nyumbani.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimemaliza chuo cha uandishi wa habari na kuanza kazi hii ya makala, nilisoma juu ya uchunguzi uliochapishwa na watafiti wa Sweden mwaka 2009. Waliwaomba watu wawaongoze farasi kutoka mahali fulani hadi mahali pengine mara nne. Kabla ya mara ya mwisho, mtu aliambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla karibu na farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini moyo wa mtu ulipiga kasi zaidi, na moyo wa farasi nao ukapiga kasi zaidi, ingawa farasi hakuambiwa lolote. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwani mjomba alikuwa amenieleza jambo hilo barazani bila mwavuli.

Kipimo cha kikombe cha kahawa

Wiki ya tatu iliisha. Wasiwasi alikuwa mwingine. Alivumilia tari karibu na sikio. Alikubali kumwacha mwenziwe nyumbani. Alikwenda shoti mchangani wakati maji yametoka, na binamu akivuta kamba alisimama. Sisi vijana tulikuwa tumekwisha kumchagulia rangi ya kitambaa cha kichwani.

Jioni ya kuamkia mbio mjomba alisema anataka kumpima. Tulimpeleka ufuoni, mahali ambapo watu walikuwa wakicheza goma kwa bakora zao, ngoma zikilia, watoto wakikimbia huku na huku. Mjomba akanunua kahawa kwa muuzaji aliyekuwa akipita na dele lake. Akatuambia kwamba hataki kuona kama punda atashtuka. "Atashtuka. Hata mimi nitashtuka. Nataka kuona atarudi lini."

Haikuchukua muda. Mtu aliangusha sinia la vikombe nyuma yetu. Wasiwasi aliruka upande, akasimama kama mti. Mjomba akaanza kunywa kahawa yake, taratibu, bila kumsemesha. Kikombe kikaisha. Masikio bado yalikuwa yakizunguka, mbavu zikipanda na kushuka. Mjomba akaweka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, mahali ambapo mapigo ya moyo husikika, akatikisa kichwa. Akatoa pumba kwenye mfuko, akamwekea mdomoni. Hazikutazamwa. Akanunua kikombe cha pili. Kikaisha. Punda yule hakuteremsha kichwa.

"Mwaka huu hapana," mjomba akasema, akamgeuza kuelekea nyumbani.

Binamu yangu alilipuka. Alisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Kwamba ndiye punda mwenye mbio kuliko wote. Kwamba wenziwe watamcheka. Kwamba wahenga wamesema punda afe, mzigo ufike. Mjomba alimwacha amalize.

"Punda akifa, mzigo wa kesho utabebwa na nani?" akamwuliza. "Na kesho hapa ufuoni wamejaa watoto wa watu. Akishtuka akiwa katikati ya shoti na asirudi, atamrukia mtoto wa nani? Wewe unajua? Mimi sijui. Ndiyo maana nimekataa."

Ningependa kuwaambia, wasomaji wangu, kwamba siku iliyofuata ilitokea ajali ikamthibitisha mjomba. La hasha. Mbio zilikwenda vizuri, umati ukashangilia, mshindi akabebwa juu juu, na sisi wawili tulisimama ukingoni tukiuma midomo. Barazani mtu mmoja alimdhihaki mjomba kwamba ana punda wa kutazamwa. Hapakuwa na chochote cha kumpa haki isipokuwa yale aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe jioni iliyotangulia. Binamu hakumsemesha babake kwa siku kadhaa. Mimi nilirudi Mwembe Tayari na kinyongo changu.

Sasa najua kwamba kipimo cha mjomba kinafanana na kile kinachotumiwa na wataalamu. Ndugu zetu walioko Oman na Imarati wanaweza kushuhudia zile mbio za masafa marefu za farasi, ambazo hufika hata kilomita 160 kwa siku. Safari hiyo hukatwa vipande, na mwisho wa kila kipande daktari wa mifugo humkagua farasi. Farasi mzima aliyetulia moyo wake hupiga kiasi cha mara 28 hadi 44 kwa dakika. Wa punda huwa juu kidogo, kiasi cha 36 hadi 52. Akitoka mbioni hupanda sana, na hilo halimshangazi mtu. Daktari anachouliza ni kama utashuka, kwa kawaida hadi mapigo 64, kabla ya muda uliowekwa kupita. Usiposhuka, farasi huondolewa, hata akiwa ndiye aliyekuwa akiongoza. Kasi haimwokoi.

Kwa hiyo kuwa tayari si kutokuwa na hofu, wala si kuwa na mbio. Ni kushtuka kisha ukarudi.

Mwaka wa pili

Mwaka 2006 Maulidi yaliangukia tena Aprili, nikarudi. Mjomba na binamu walikuwa wamepatana, na kwa mwaka mzima Wasiwasi alikuwa amepitishwa ufuoni kila siku akiwa na mzigo mdogo, siku za soko, siku za harusi, siku za mashua kupakua. Jioni ya kipimo paliangushwa vitu, pakapigwa tari, na mtoto mmoja akampasulia puto karibu na mkia. Aliruka. Mjomba akaanza kahawa yake. Kikombe hakijafika nusu, Wasiwasi aliteremsha kichwa, akapumua kwa kishindo, akaanza kulamba chumvi ya kiganja changu.

Kesho yake alikimbia. Hakushinda. Alimaliza katikati ya kundi, na nilishangaa kuona kwamba hata mbio zake zilikuwa zimepungua kuliko zile za siku ya turubai. Mjomba hakushangaa. "Sasa anakimbia mwenyewe," alisema, "hakimbizwi tena." Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba alipofika mwisho na umati ukamzunguka, binamu alilegeza kamba, naye punda akasimama, akala pumba katikati ya kelele zote zile. Siku chache baadaye alikuwa kazini akibeba mawe.

Nyumbani tena

Basi jioni ile ya 2024, nikiwa na viganja vyangu vilivyolowa, nilimwambia binti yangu anyamaze kidogo, si kwa sababu amekosea bali kwa sababu mimi nimekosea. Nilimwomba radhi. Nikamwuliza kama kuna mahali panapouma. Akasema kweli, tumbo linauma akinitazama, kwa sababu midomo yangu hucheza nikimfuata kila neno kama kwamba nangoja aanguke.

Nilikaa nikaliwaza hilo. Msichana wa miaka tisa alikuwa ameyasema yale ya mwavuli wa Sweden na ya kamba ya Lamu kwa pumzi moja.

Tulibadili utaratibu. Niliacha kumsikiliza, kazi hiyo akapewa mamake, ambaye hupika huku akisikia na mkono wake haukazi kamba. Kesho yake tulimwita mtoto mmoja wa jirani aje asikilize. Siku iliyofuata wakaja watano pamoja na nyanya yao. Siku hiyo ya watano alikwama katika ubeti wa tatu. Nilikuwa mlangoni. Mwili wangu wote ulitaka kumpa neno lililompotea. Nikashika mlango, nikatazama nje, nikahesabu mabasi. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha nikasikia akivuta pumzi, akarudi mwanzo wa ubeti, akapita pale palipomkwaza, akamaliza. Baadaye aliomba chai na mkate, akala.

Alikuwa ameshtuka, akarudi, akala. Nilimwambia mamake kwamba kwa maoni yangu anaweza kwenda, lakini tumwulize mwenyewe. Tulimwuliza. Akasema ataenda, ila mimi niketi nyuma kabisa mahali asipoweza kuniona midomo.

Niliketi nyuma kabisa. Hakupata nafasi ya kwanza wala ya pili. Alikwama mara moja, akarudi. Tulipokuwa tukirejea nyumbani alidai viazi karai, akavila vyote bila kunigawia hata kimoja.

Nyakati hizi tunawapeleka watoto wetu katika mashindano mengi kuliko tuliyopelekwa sisi: mitihani, michezo, kuhifadhi Qur'ani, nyimbo, mashairi. Sisemi tuwafiche. Mwoga asipopitishwa ufuoni hatazoea ufuo. Lakini tusiwe mautingo wa kunadi "gari tayari" wakati abiria ni wanne na dereva yuko mkahawani. Kama mtoto amebadilika, tuulize kwanza ni wapi panapouma. Tutazame kama mkono wetu umekaza kamba. Na tukitaka kujua kama yu tayari, tusimpime siku anayong'aa. Tumpime siku aliyokwama, tuone atarudi lini, nasi tuwe na subira ya kikombe kizima cha kahawa.

Akikataa kuteremsha kichwa hata baada ya kikombe cha pili, si aibu kumrudisha nyumbani. Mfunguo Sita hurudi kila mwaka.